Asubuhi Umekula Nini

Rehema alinipigia simu Jumapili, mimi nikiwa ndiyo kwanza nimetoka ibadani, akaniomba nimwandikie mambo ambayo wanafunzi wa chuo chetu pale Njombe wanaweza kuyafurahia siku za mapumziko. Rehema ndiye aliyekalia kiti changu cha mlezi wa wanafunzi baada ya mimi kustaafu na kurudi nyumbani Makambako. Ni binti mchapakazi, katokea Tabora, na baridi ya kule bado hajapatana nayo. Alitaka karatasi ya kubandika kwenye ubao wa matangazo. Ningemwandikia ukurasa mmoja nikamaliza, lakini kabla hatujaagana alinishukuru kwa jambo ambalo sikulifanya, akaongeza kwamba Jumamosi hii atawarudisha wanafunzi kwenye maporomoko. Nilimkataza, akadhani namtania. Kwa hiyo naandika kwa urefu, na ninamwomba asome mpaka mwisho kabla Jumamosi haijafika.

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka stendi ya Njombe na begi moja na mablanketi. Mkuu wa chuo wa wakati huo, baba mmoja asiyependa kupoteza maneno, alinikabidhi funguo za bweni la wasichana, akanionyesha chumba changu chenye dirisha lisilofunga sawasawa, kisha akasema kazi yangu ni ndogo: wanafunzi wasichoshwe na mji, na wasipotee. Hilo la pili nilidhani kalisema kwa kujazia tu. Nilikuwa na haraka ya kutafuta gazeti la kuzibia dirisha.

Watu hudhani kazi ya mlezi ni kufukuza wavulana kwenye bweni la wasichana. Hiyo ni kazi ya mlinzi, na hata yeye alikuwa haifanyi. Adui wa mlezi ni Jumamosi mchana. Njombe ni mji mdogo. Mwanafunzi akitoka chuoni akapita sokoni, akanunua parachichi, akala chipsi pale stendi, akarudi, Jumamosi bado ipo pale pale inamsubiri. Na kijana asiye na la kufanya penye baridi atatafuta joto, na joto la kwetu linapatikana kwenye blanketi au kwenye ulanzi. Ulanzi ni pombe inayogemwa kwenye mianzi wakati wa mvua. Asubuhi ni mtamu na mpole kabisa, jioni hausemezeki. Wanafunzi waliotoka Dar es Salaam walikuwa wanauita juisi. Nimewashika mkono wengi waliouita juisi, nikiwasaidia kuutafuta mlango wa bweni.

Basi nikaanza kubuni. Tuliweka bonanza la mpira, walimu dhidi ya wanafunzi, ambalo walimu walishinda mara moja tu, siku ambayo refa alikuwa mwalimu wa mitihani. Tulisogeza meza za bwalo, tukafanya disko la mchana, madirisha yakiwa wazi ili niwaone. Tuliwapeleka Uwemba misheni kutembea na kupiga picha mbele ya kanisa. Kwaya nayo ilisaidia, maana mtu akiwa anaimba sauti ya tatu hana nafasi ya kufikiria ulanzi.

Safari iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Makambako, kuangalia treni ya Zambia. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuiona treni kwa macho. Tulifika mapema, tukakaa kwenye kivuli cha stesheni, tukaambiwa treni inakaribia. Wakala mahindi ya kuchoma, wakaenda kuchagua mitumba kwa zamu, wakarudi, wakaimba, wakasimuliana habari za makwao. Wawili walianzia uchumba wao pale, na harusi yao nilihudhuria. Treni haikuja. Mpaka wanamaliza chuo walikuwa wanaitaja safari ile kuwa ndiyo safari. Mimi nilijifunza kwamba kijana hahitaji sana kitu chenyewe, anataka kukisubiri pamoja na wenzake.

Dereva wa basi letu alikuwa Mzee Sanga, Mkinga wa Ipelele, kule juu Makete. Alikuwa mfupi, mwenye koti zito la mtumba ambalo hakulivua hata akiwa mezani, na honi yake aliitunza utadhani inatumia mafuta. Ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa mwenyewe angekataa akisikia. Alinifundisha kukaa kiti cha nyuma safarini na si cha mbele, kwa sababu maovu ya basi hufanyika nyuma. Alinifundisha kubeba chumvi na kitunguu kila tunakokwenda. Na alinifundisha swali.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwapeleka wanafunzi kwenye maporomoko, pale mto unapoanguka korongoni pembeni ya mji. Ni mahali pazuri, sitaki kupasingizia. Kuna nyasi za kukalia, kuna msitu wa mipaini kwa nyuma, na maji yanaanguka kwa kishindo unachokisikia kifuani. Wanafunzi walikuwa wametawanyika wanapiga picha. Mara ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukatufunika mchana ule ule, hata kiganja changu nikakiona kwa shida. Nikatoa filimbi nipulize. Mzee Sanga akanishika mkono.

"Filimbi kwenye ukungu inatoka kila upande," alisema. "Utawatawanya."

"Basi niwaite kwa majina."

"Jina kila mtu analisikia, Mama Mgaya. Na yeyote anayelisikia anaweza kuitika."

"Sasa nifanyeje, Mzee?"

"Uliza kitu. Uliza asubuhi kala nini. Mwenye tumbo ndiye atakayejibu."

Nilicheka, lakini nikauliza. Nilipaza sauti, "Asubuhi umekula nini?" na kutoka kwenye ule weupe zikaanza kuja sauti, mmoja uji, mwingine uji na maandazi, mwingine chapati ya jana. Kuna mwongo mmoja akasema pilau, wenzake wakamzomea humo humo ukunguni. Tukazifuata sauti moja moja mpaka basi likajaa. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Wanafunzi waliipenda wakaigeuza mchezo, kila mwaka wa kwanza wakiupokea kutoka kwa waliowatangulia. Mzee Sanga hakuwahi kuicheza. Na kwenye nyasi zile hakuwahi kukanyaga tena, alikuwa anabaki na basi lake barabarani.

Hapa sina budi kueleza salamu yetu, kwa ajili ya waliotoka mbali kama Rehema. Sisi Wabena tunasalimiana kamwene. Anayesalimia husema kamwene, na anayeitikia husema kamwene hiyo hiyo. Ukiwa nje ya mlango huwezi kujua nani kaanza na nani kamaliza. Mtoto wa kwetu akiisikia, mdomo wake umeshaitikia kabla hajageuka kuangalia ni nani.

Mwaka mmoja tulimpokea Somoe, binti wa Mtwara, mwembamba, mkimya, mwenye ushungi mweupe uliopigwa pasi hata siku za matope. Wiki yake ya kwanza alikwenda sokoni, bibi mmoja muuza viazi akamwambia, "Kamwene, mwanangu." Somoe akadhani ni kama shikamoo. Akaitika kwa adabu zote, "Marahaba." Yule bibi aliacha kupima viazi. Kisa kilifika bwenini kabla yake, na kuanzia siku hiyo wenzake wakamwita Bibi Marahaba. Alikuja ofisini kwangu akalia. Nilimwambia ni neno moja tu, alitamke liishe.

"Mama, likinitoka vibaya tena nitahama chuo," alisema.

Toka hapo mtu akimsalimia kamwene, Somoe alikuwa anakunja goti kidogo na kutabasamu. Neno hakutoa. Nilimwona akifanya hivyo mwaka mzima, kwa walimu, kwa wapishi, kwangu mwenyewe.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia tulikwenda maporomoko kama kawaida. Ukungu ukapanda, nikauliza swali, wakajibu, wakakusanyika. Tulipokaribia basi, wenzake wakasema Somoe hayupo. Simu yake ilikuwa chuoni kwenye chaji, na hata angekuwa nayo, mtandao pale haushiki. Niliwaacha wanafunzi ndani ya basi na Mzee Sanga, nikarudi na Kilasi. Huyu Kilasi alikuwa waziri wa michezo na burudani wa serikali ya wanafunzi, Mbena wa hapo hapo Njombe, mrefu, mwenye miguu isiyojua kungoja. Alinitangulia kwenye nyasi, na kwa kuhaha kwake ulimi ukaenda kule ulikozoea.

"Somoe! Kamwene!"

Kisha mbele yetu, upande wa maji, sauti ikaitika.

"Kamwene."

"Huyo, Mama," alisema Kilasi, akaongeza mwendo.

Na mimi moyo ulitulia, sitaficha. Neno lile likiitikiwa, Mbena anajua amefika kwa watu. Tukatembea. Kilasi akaita tena, ikaitika tena, lakini haikuwa karibu zaidi ya mwanzo. Akaita mara nyingine, nayo ikaitika kwa upole, bila haraka, ikiwa mbele yetu vile vile. Kishindo cha maji kilianza kuingia kwenye nyayo zangu. Nyasi zilikuwa zinateremka.

Kilichonisimamisha ni uzuri wa neno lenyewe. Lilikuwa limetamkwa sawasawa, likivutwa kidogo mwishoni kwa heshima, kama marehemu bibi yangu alivyokuwa akilitamka. Wanafunzi wa siku hizi hawalivuti hivyo, hata wa kwetu. Nikamshika Kilasi koti kwa nyuma.

"Simama."

"Mama, si anaitika?"

"Somoe hawezi kuitikia kamwene."

Kilasi alikuwa miongoni mwa waliomwita Bibi Marahaba. Alielewa hapo hapo. Niliusikia mwili wake ukikakamaa ndani ya koti.

"Sasa huyu ni nani?" aliuliza kwa kunong'ona.

Tulikuwa tumesimama, hatujaita, hatujasema lolote la kusikika mbali, na ile sauti ikasema yenyewe, karibu kabisa sasa, karibu kiasi cha mtu kunyoosha mkono.

"Kamwene."

Kilasi akafungua mdomo. Hakutaka, naapa hakutaka, ni malezi tu. Nilimziba mdomo kwa kiganja kabla neno halijatoka, na kwa nguvu ambazo sijui nilizitoa wapi. Niliogopa. Nimefanya kazi na vijana maisha yangu yote, nimeona moto wa bwenini, nimeona wagonjwa, lakini sijawahi kuogopa vile. Nikageuza kichwa nikauliza kwa sauti yote niliyobaki nayo.

"Somoe! Asubuhi umekula nini?"

Mbele yetu kukanyamaza. Hata maji yakawa kama yamesogea mbali. Halafu kutoka nyuma, juu kule kwenye mipaini, upande ambao hatukuwa tunaelekea kabisa, kikaja kisauti kilichochoka.

"Sijala, Mama. Nimefunga."

Nililia. Nilimwachia Kilasi mdomo, tukapanda kuelekea kwenye jibu lile tukishikana mikono kama watoto wa chekechea. Tulipofika juu, ukungu ulifunguka kidogo, nikageuka kuangalia tulikotoka. Nyayo zetu zilionekana kwenye nyasi zilizolowa, zimekwenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa korongo, zikaishia hapo. Mbele ya alama za viatu vya Kilasi hapakuwa na nyasi tena.

Somoe alikuwa ameketi chini ya mpaini, ushungi umelowa. Alikuwa analipa siku zake za Ramadhani, na hakumwambia mtu kwa kuogopa tungemwacha chuoni. Njaa na baridi vilimlegeza, akakaa asubiri kupitiwa. Nilimuuliza kwa nini hakuita alipotusikia.

"Niliona mna wageni," alisema. "Nilisikia mnasalimiana na watu, nikaona si adabu kuwakatiza."

Kwenye basi Mzee Sanga alikuwa anafuta kioo cha mbele. Tulimweleza, yeye akiendelea kufuta. Kilasi, ambaye alikuwa ameanza kutulia, akasema labda ulikuwa mwangwi.

"Mwangwi ungerudisha na jina," alisema Mzee Sanga. "Hiyo sauti iliwauliza kitu?"

"Hapana," nilisema. "Ilikuwa inaitikia tu. Mwishoni ikasalimia."

"Basi bado."

"Bado nini, Mzee?"

"Siku ikianza kuuliza, msije tena." Akakunja kitambaa chake, akawasha gari.

Sikumuuliza zaidi. Siku hiyo nilikuwa na binti wa kumpa joto, na ilipofika magharibi wasichana wa bweni zima walijazana chumbani kwake kufuturu naye, wakimwita Bibi Marahaba hivi, Bibi Marahaba vile, ila safari hii wakiwa wamembebea uji. Leo Somoe ni mwalimu kwao Mtwara. Kila baada ya muda ananitumia ujumbe usio na salamu wala nini, umeandikwa tu: Mama, leo nimekula mihogo. Ninaufurahia kuliko cheti cha kustaafu.

Mzee Sanga alirudi Ipelele akalima pareto na viazi mpaka alipofariki. Tulimzika kwenye ukungu uliotufika viunoni, na niliona wazee wa pale wakikaa kimya mpaka ulipopita, ndipo ibada ikaendelea. Huko hakuna aliyeshangaa.

Sisi tuliendelea kwenda maporomoko. Tulikuwa na swali, na swali lilitosha. Mwaka baada ya mwaka nilisimama kwenye nyasi zile nikauliza kwa sauti ile ile, maneno yale yale, wanafunzi wakajibu na kucheka. Haikunijia akilini kwamba kila nilipouliza, yule aliyeko chini naye alikuwa anasikia.

Sasa nirudi kwenye simu ya Rehema. Aliniamkia, tukazungumza habari za baridi, akaomba haya maandishi. Kisha akasema, "Na asante sana kwa jana, Mama."

"Jana kuna nini?"

"Pale maporomoko. Ukungu ulitufunika ghafla, nilishachanganyikiwa, sijui nianzie wapi. Ndipo tukakusikia chini bondeni unauliza, asubuhi umekula nini. Watoto walifurahi hao. Wakasema Mama Mgaya kaja."

Jumamosi hiyo nilikuwa hapa Makambako mashineni, nasaga mahindi. Foleni ilikuwa ndefu na majirani wote waliniona nikigombana na mtu aliyetaka kunipita.

"Wakajibu?" nilimuuliza.

"Wakajibu wote, wanacheka. Ila wewe ulikuwa unarudia lile lile tu, tena unamtaja mtu kwa jina, Somoe, na sisi hatuna Somoe. Walitaka kushuka wakufuate, nikawazuia kwa sababu ya utelezi. Nikashangaa hukupanda hata kutusalimia. Sasa wamenibana, wanataka Jumamosi hii turudi, tushuke mpaka chini kule. Maana wewe unaijua njia."

Nilimwambia sikuwepo. Akacheka, akasema, "Mama na utani wako." Nilimwambia wasiende. Akacheka tena, salio likamwishia.

Rehema, ni kweli mimi hutania nikiwa nimekunja uso. Lakini sijawahi kutania kwa maandishi, waulize waliopokea barua zangu za onyo. Hakuna njia ya kushuka korongoni. Nimekaa pale miaka yote, haipo. Usiwafundishe swali jipya, maana na hilo yule wa chini atalijifunza. Wachukue Jumamosi uwalete Makambako, uwakalishe kivulini pale stesheni, uwanunulie mahindi, waingojee treni. Hata isipokuja watafurahi, nakuhakikishia. Mimi nitakuwepo, nitakuja kwa miguu yangu mchana kweupe, nitampa kila mmoja mkono, na Kibena sitakitumia.

Na huko maporomoko, siku yoyote mkinisikia nawaita, nawaomba wanangu, msiniitikie.